Spea zilizobaki za injini ya Land Rover 2.25: ipi iuzwe, ipi ibaki

Hali ya mradi

Injini imeshafungwa na inazunguka kwa mkono bila kukwama. Ni ya petroli, lita 2.25, yenye beringi kuu tatu, kutoka Land Rover Series III ya kabla ya 1980, mwaka ambao kiwanda kilihamia kranki ya beringi kuu tano. Bloki imeboriwa saizi ya 20: silinda iliyokuwa 90.47 mm sasa ni 90.98 mm, na ujazo umetoka 2286 cc hadi takriban 2312. Kranki imechongwa shingo kuu (sehemu za duara zinazozunguka ndani ya beringi kuu) saizi ya 10 na shingo za konrodi, fimbo zinazounganisha pistoni na kranki, saizi ya 20. Kwa asiyezoea namba hizi, saizi ya 10 ni inchi 0.010, sawa na 0.254 mm. Kwenye silinda na pistoni kipimo hicho kinaongezwa, kwenye kranki kinapunguzwa.

Sasa meza imejaa ziada, na kazi ya awamu hii ni kuamua. Vilivyopo:

- kranki mbili, moja ya beringi tatu, moja ya beringi tano pamoja na seti yake ya beringi kuu
- pistoni mpya seti mbili, STD (saizi ya kiwandani) na saizi ya 40, na ringi za STD zilizo nje ya pakiti
- beringi kuu za STD na za 20. Beringi za konrodi za STD, 10 na 30
- silinda hedi mbili, moja ya mgandamizo 7:1, moja ya 8:1 yenye ufa
- kabureta mbili za Zenith 36IV na Solex 40 moja isiyokamilika
- distribyuta tatu: Lucas 25D, Lucas 45D na Ducellier
- flaiwili ya klachi ya inchi 9
- rola za tapeti (visukumio vya vali) seti moja na nusu, gasketi za zamani, sili, na ndoo ya boliti

Kanuni tunayofuata ni moja: saizi hairudi nyuma. Bloki iliyofika 20 haitarudi 10, na kranki iliyochongwa haiongezeki nyama. Kwa hiyo swali la kwanza juu ya kila spea si ina bei gani, wala ni nadra kiasi gani. Ni hili: je, chuma tulichonacho bado kinaweza kuifikia saizi hii, au kimeshaipita? Iliyopitwa inauzwa hata ikiwa bado kwenye karatasi ya kiwandani. Iliyo mbele inabaki hata kama inakula nafasi kabatini.

Kranki kwanza, vidogo baadaye

Watu wengi huanza na vitu vidogo kwa sababu vinabebeka. Ni kupanga kinyume. Uamuzi wa kranki ndio unaoamua hatima ya beringi zote, kwa hiyo beringi hazikuguswa mpaka kranki zipimwe.

Ya beringi tano haina mjadala. Haiingii kwenye bloki ya beringi tatu, na hakuna uchongaji utakaoiingiza. Inauzwa pamoja na seti yake ya beringi kuu. Kumpa mnunuzi kranki leo na kubaki na beringi ambazo hazifai kitu kingine chochote ni kujipa kazi ya kuuza mara mbili.

Ya beringi tatu ilioshwa kwa mafuta ya taa, tundu zote za oili zikapitishwa brashi ndefu ya nailoni, kisha ikapimwa kwa maikromita. Kila shingo inapimwa sehemu mbili, karibu na kila mwisho, na kila sehemu inapimwa pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba. Usomaji mmoja kwa kila shingo hausemi lolote, kwa sababu shingo huisha kwa umbo la yai: upande unaopokea kishindo cha mwako huliwa zaidi.

Shingo kuu za kiwandani ni 63.50 mm. Zote tatu zimesoma 63.48, na tofauti kati ya pande mbili haifiki 0.01. Hizo zinakwenda na beringi za STD. Shingo za konrodi za kiwandani ziko kati ya 58.705 na 58.725 mm. Namba 1, 2 na 4 ziko karibu na 58.70. Namba 3 imesoma 58.70 upande mmoja na 58.64 upande wa pili, umbo la yai la 0.06 mm, na ina mkwaruzo unaoshika ukucha. Hiyo inataka kuchongwa, na haichongwi peke yake: shingo zote nne za konrodi zinakwenda saizi ya 10, yaani kati ya 58.45 na 58.47.

Kipimo cha mlio nacho kilifanywa. Kranki inaning'inizwa kwa kamba na kugongwa na nyundo ndogo kwenye uzito wa kila mkono. Inayolia kama kengele na mlio ukakaa inatia moyo. Inayotoa sauti butu inaweza kuwa na ufa, au ina uchafu wa oili ambao haujatoka vizuri kwenye tundu. Hii imelia vizuri, lakini mlio hauchukui nafasi ya kipimo cha sumaku cha karakana, hasa kwenye kona ambapo shingo inakutana na mkono. Ufa wa hapo hauonekani kwa macho.

Uamuzi: inabaki. Ina hatua nne za uchongaji mbele yake upande wa konrodi, 10, 20, 30 na 40. Ile iliyofungwa imebakiwa na mbili tu.

Beringi

Baada ya hapo kazi ya beringi ilikuwa hesabu tu. Kranki iliyofungwa ikichoka itataka beringi kuu za 20 na za konrodi za 30. Kranki ya akiba inataka kuu za STD na za konrodi za 10. Zote nne zipo, zote zinabaki. Zilizopitwa na kranki zote mbili ni za konrodi za STD peke yake, nazo zinauzwa. Kama kranki ya akiba ingeuzwa, beringi kuu za STD na za konrodi za 10 zingepaswa kuondoka nayo.

Namba ya saizi imegongwa mgongoni mwa kila beringi pamoja na alama ya mtengenezaji, Vandervell au Glacier kwa hizi. Usiamini boksi. Maboksi yanabadilishwa katika maisha marefu ya spea, na ndani ya seti moja ya konrodi ya 30 tulikuta nusu mbili za 20 zimechanganywa. Nusu hizo ziko sahani ya pembeni, zinangoja wenzao.

Ubaya wa kufunga beringi ya 10 kwenye shingo ya 20 ni wa hesabu. Nafasi ya oili ya kawaida ni sehemu ndogo ya milimita, kiasi cha 0.02 hadi 0.06. Ukiongeza 0.25 juu yake, oili inamwagika pembeni kabla haijabeba mzigo, presha inashuka injini ikipata moto, na konrodi zinaanza kugonga.

Beringi mpya za miaka mingi zinakaguliwa mambo mawili. La kwanza ni uso: kubadilika rangi kuwa kijivu au kahawia hafifu si tatizo, lakini unga mweupe au vidoa vinavyohisiwa kwa ukucha ni kutu ya tabaka laini la juu, na hiyo ni ya kutupa. Usijaribu kuisugua kwa msasa, kwa maana unachoondoa ndicho ulichonunua. La pili ni upana: nusu ya beringi huru inapaswa kuwa pana kidogo kuliko kiti chake, ikaingia kwa kubanwa na kidole. Ikidondoka yenyewe bila kushika, imelegea.

Woshi za kuzuia kranki kutembea mbele na nyuma hazikuhesabiwa kabisa. Zote zinabaki, STD na za kuongezwa unene. Nafasi inayotakiwa ni 0.05 hadi 0.15 mm, na kuipata mara nyingi huhitaji kujaribu unene zaidi ya mmoja.

Pistoni na ringi

Bloki iko 20. Pistoni za 40 ndizo hatua inayofuata kwa urahisi, silinda ikienda 91.49 mm, kwa hiyo zinabaki. Za STD kuna hoja ya kuzitetea: bloki ikifika mwisho inaweza kuwekewa slivu (bomba jipya ndani ya silinda) na kurudishwa STD, na hapo seti hii ingefaa. Tumeikataa hoja hiyo. Kati ya leo na siku ya slivu kuna kuboriwa mara moja nzima na maisha yote ya pistoni za 40. Anayeweka slivu leo anazihitaji leo. Zinauzwa, zikiwa nne pamoja na pini na klipu zake. Pistoni za seti moja zimelinganishwa uzito, na kuuza moja moja ni kuharibu tatu zinazobaki.

Ringi za STD zilizokaa nje ya pakiti zinastahili maneno machache kwa sababu ndizo zinazofanyiwa ujanja mwingi. Nafasi kati ya ncha za ringi ya mgandamizo ikiwa ndani ya silinda yake ni 0.38 hadi 0.50 mm. Weka ringi ya STD kwenye silinda ya 20: mzingo umeongezeka 0.508 mara 3.14, yaani kama 1.6 mm, na nafasi inafika 2 mm. Injini itawaka, itapuliza moshi kwenye bomba la kupumulia, na itakula oili. Ujanja wa upande wa pili, wa kuchukua ringi za 40 na kuzipunguza ncha kwa tupa ziingie 20, unaleta nafasi sahihi kwa fila geji lakini ringi si duara tena. Inagusa silinda sehemu chache na kuacha mwanga sehemu nyingine. Ringi hizi za STD zinaongezwa kwenye kasha la pistoni za STD, kila moja imefungwa kwenye karatasi yake. Mnunuzi aelezwe kwamba azipime mwenyewe.

Hedi mbili

Kutofautisha 7:1 na 8:1 kwa kukisia ni kamari, hasa hedi ikiwa imewahi kuparuliwa uso ili unyooke. Kipimo ni cha ujazo. Kila silinda ya injini hii ya saizi ya kiwandani ni 571.5 cc. Kwa 7:1 nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu ni 571.5 kugawa kwa 6, yaani 95 cc. Kwa 8:1 ni kugawa kwa 7, yaani karibu 82. Pistoni na gasketi zikiwa zilezile, tofauti ya 13 hadi 14 cc iko kwenye vyumba vya hedi.

Namna ya kupima: hedi inalazwa vali zikiwa zimefungwa na plagi imekazwa, chumba kinafunikwa na kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo na grisi nyembamba ukingoni, kisha mafuta ya taa yanaingizwa kwa sindano ya hospitali mpaka kiputo cha mwisho kitoke. Hedi ya kwanza imezidi ile ya ufa kwa 13 cc, kwa hiyo ni 7:1 ambayo haijaparuliwa kwa kiasi cha kutia shaka. Kama vyumba vinatofautiana kati yao kwa zaidi ya 1 au 2 cc, angalia viti vya vali: kimoja kimesagwa na kuzama kuliko vingine.

Hedi ya 7:1 inabaki, ingawa injini iliyofungwa ni ya 8:1. Sababu ni kwamba hedi ndiyo inayopasuka gari likichemka, na hii ndiyo akiba pekee iliyo nzima. Inafunga kwenye bloki ileile, boliti zilezile, kwa nguvu ileile ya 90 Nm, na nafasi ya vali ileile ya 0.25 mm. Gari litapungua nguvu kidogo, lakini litatembea.

Ya ufa, ambao umekatiza kati ya kiti cha vali ya hewa na cha ekzosi, haiuzwi kwa jina la hedi. Imevuliwa vali nane, springi, vikombe na kufuli zake. Springi zimesimamishwa pamoja juu ya kioo, na mbili zilizo fupi kuliko wenzake zimetupwa. Vali za ekzosi zilizoliwa shina zimefuata njia hiyo. Chuma kilichobaki ni chakavu. Kuna wanaochomelea hedi za chuma cha kumiminwa na wanafanikiwa, ila wanaipasha moto hedi nzima kwanza na kuipoza polepole sana. Anayechomelea hedi baridi anahamisha ufa sentimita mbili pembeni.

Tapeti za rola

Seti moja kamili ya nane inabaki, bila maelezo zaidi. Injini hii haitumii tapeti za kawaida: kila moja ni rola, kitelezi na mwongozo, na mwongozo unashikwa na boliti ya ubavuni iliyofungwa waya. Rola ina upande wake wa mbele, na haigeuzwi. Ile nusu seti iliyotumika imekaguliwa kwa kuzungusha rola kwenye mwanga: mbili zina vishimo, zimetupwa kwa sababu zitahamishia vishimo kwenye kemshafti. Mbili nzima zimebaki.

Kabureta na distribyuta

Zenith 36IV ina ugonjwa unaojulikana: nyuso zinazokutana kati ya sehemu ya juu na mwili hujipinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, na ringi ndogo ya mpira iliyo ndani hukauka. Petroli inapita njia isiyo yake, injini inakataa kutulia kwenye silensa (ikizunguka polepole bila kukanyagwa) na inakula mafuta. Dawa ni kulaza karatasi ya msasa laini uliolowa juu ya kioo na kusugua uso kwa mzunguko wa namba nane mpaka alama za wino zifutike kila mahali, kisha mpira mpya. Zenith moja ilinyooka na inabaki kama akiba. Ya pili imejipinda na shafti yake ya throtoli inacheza, kwa hiyo inauzwa kama ya kutoa spea, na hivyo ndivyo itakavyoandikwa.

Lucas 45D inabaki. 25D na Ducellier zinauzwa. Kabla ya kupiga picha, shika shafti na uitikise pembeni: ikicheza kiasi cha kuhisika, nafasi ya pointi ya 0.35 hadi 0.40 mm haitakaa, na mnunuzi ana haki ya kujua. Ducellier haichezi. 25D inacheza kidogo.

Flaiwili ya inchi 9 inauzwa, kwa kuwa klachi iliyofungwa ni ya inchi 9½.

Mpira, koki na asbesto

Akiba haiozi, wanasema wahenga, lakini hawakuwahi kuhifadhi sili za mpira. Sili ya nyuma ya kranki, yenye vipande viwili, na zile za umbo la T zinazoingia ubavuni mwa kofia ya beringi ya nyuma zimekauka, ukizikunja zinapasuka. Kufikia sili hizo kwenye gari lililofungwa ni kazi ya kushusha gia boksi, kwa hiyo kutumia ya zamani ili kuokoa kitu kidogo si akiba. Zote zimetupwa. Gasketi za koki zimesinyaa, matundu hayalingani na boliti. Zimetupwa pia, isipokuwa moja ya kila aina kama mfano wa kukatia.

Gasketi za hedi za zamani za aina ya mchanganyiko na sahani za klachi za enzi hizo zichukuliwe kuwa na asbesto mpaka ithibitike vinginevyo. Haziuzwi: Uingereza ilikamilisha marufuku ya asbesto mwaka 1999, na tarehe ya mwisho ya Umoja wa Ulaya ilikuwa 2005. Haziparuliwi, hazipulizwi kwa hewa, hazipigwi msasa. Zinaloweshwa, zinafungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki na kupelekwa kwenye taka za hatari.

Ndoo ya boliti

Hakuna boliti inayouzwa. Land Rover za kipindi hiki zinachanganya nyuzi za BSF na UNF, na hapo ndipo bloki nyingi zinapoharibiwa. Boliti ya inchi 5/16 ya BSF ina nyuzi 22 kwa inchi, ya UNF ina 24. Inaingia mizunguko miwili kwa ulaini, ya tatu inakaza, na mwenye haraka anaongeza spana. Zimetenganishwa kwa geji ya nyuzi na kuwekwa kwenye makopo yenye namba. Boliti zilizorefuka, zenye kiuno chembamba katikati, ni chakavu.

Maandalizi ya kuuza na kuhifadhi

Kila tangazo lina picha ya alama iliyogongwa kwenye spea yenyewe, picha ya kipimo kikisomeka, na sentensi moja ya kasoro. Kranki ya beringi tano inasafirishwa kwenye kasha la mbao, imekaa kwenye vitanda vya mbao chini ya shingo za mwisho, kila shingo imepakwa oili na kufungwa karatasi ya kuzuia kutu. Sponji ni kimeo hapa, inashika unyevu na kuchora kutu ya duara kwenye shingo. Kabureta zinakaushwa petroli kabisa kabla ya kufungwa.

Kranki inayobaki imesimama wima juu ya uso wa flaiwili, imefungwa ukutani kwa mkanda isianguke, imepakwa oili nzito na kuvikwa mfuko. Beringi zimerudi kwenye karatasi zenye oili, jozi kwa jozi. Lebo ni vipande vya bati laini vilivyoandikwa kwa msumari, kwa sababu karatasi ikilowa oili haisomeki: jina, saizi, vipimo, na kranki inayohusika.

Bado

Kranki ya akiba haijapelekwa kwenye kipimo cha sumaku. Ikikutwa na ufa, beringi kuu za STD na za konrodi za 10 zinahamia upande wa kuuza siku hiyohiyo. Kuchongwa kwake kwenda 10 kunasubiri matokeo hayo.

Solex 40 haina kifuniko wala pampu ya kuongeza mafuta. Haijaamuliwa. Ikipata kifuniko itauzwa kwa anayerudisha Series IIA ya mwanzo katika hali ya kiwandani. Isipopata, jeti zake zitatolewa na mwili utakwenda na hedi ya ufa.